Kama Huwezi Kuijenga, Si Huria Kwako

Juzi kijana mmoja ninayefanya naye kazi alikuja mezani kwangu na laptopu mkononi, uso umemkunjamana. "Kaka, nimepakua hii programu lakini sioni pa kubonyeza. Imejaa makaratasi tu." Nikatazama. Kumbe alikuwa amepakua faili ya tar.gz, akaifungua, akakuta folda zenye majina kama src, po, data na doc, na faili kadhaa za herufi kubwa: README, INSTALL, COPYING. Hakuna ikoni, hakuna kitu cha kubonyeza mara mbili. Yeye aliona makaratasi. Mimi niliona programu nzima, ila bado mbichi.

Tukakaa, tukaijenga, na chai yetu ilikuwa bado ina moto tulipomaliza. Lakini alipoondoka nilibaki najiuliza. Huyu ni kijana anayelipwa mshahara kuandika msimbo. JavaScript anaijua kunishinda. Kila siku anatumia programu huria na kuzisifu mbele za watu. Na hajawahi, hata siku moja, kuchukua msimbo wa programu ya mtu mwingine na kuugeuza kuwa kitu kinachofunguka kwenye skrini yake.

Basi leo nataka kusema jambo ambalo najua litawaudhi baadhi yenu: programu ambayo huwezi kuijenga kwenye kompyuta uliyo nayo si huria kwako. Ni ya bure, ndiyo. Lakini bure na huria ni mambo mawili, na hapa kwetu tumeridhika na lile la kwanza.

Kwa wale ambao mambo haya ni mageni, nieleze kidogo. Mwandishi wa programu huandika maandishi ya kawaida ambayo unaweza kuyasoma, kwa lugha kama C au C++. Mashine haiyaelewi hayo moja kwa moja. Lazima yapite kwenye programu nyingine, kompaila, ambayo huyageuza kuwa amri za mashine. Kazi hiyo ndiyo kukompaili, na ukijumlisha na kutafuta maktaba zinazohitajika na kuunganisha vipande vyote, wengi wetu tunaiita tu kujenga. Unaposakinisha programu kwa kubonyeza, umepewa unga wa pakiti. Ukipewa msimbo chanzo umepewa mahindi, na safari ya posho mill ni yako.

Watu wengi hudhani kwamba zile leseni zinazungumzia mahindi tu. Sivyo. GPL toleo la 2, iliyotoka Juni 1991, inapoeleza maana ya msimbo chanzo inahesabu pia skripti zinazosimamia kukompaili na kusakinisha. Yaani walioiandika waliona mapema kwamba mtu anaweza kukutupia maelfu ya mistari ya C bila kukuonyesha njia ya kuisaga, halafu akajigamba kuwa amekupa kila kitu. Mzee Richard Stallman na wenzake walipochapisha maana ya programu huria Februari 1986, uhuru wa kuibadilisha programu ulikuwemo tayari. Sasa utaibadilishaje kama huwezi kuijenga upya? Utabadilisha maandishi kwenye faili, uyahifadhi, uyaangalie, na programu itaendelea kufanya vilevile kama jana.

Tuje kwenye mfano. Chromium, ile ambayo Chrome hutokana nayo, ina leseni nzuri kabisa. Msimbo uko wazi, yeyote anaweza kuusoma. Lakini soma maelekezo yao rasmi ya kuijenga kwenye Linux: angalau GB 8 za RAM, na wanapendekeza zaidi ya 16, angalau GB 100 za nafasi kwenye diski. Hapo bado hujahesabu bando la kuushusha msimbo wenyewe. Sasa mwanafunzi wa Kakamega mwenye laptopu ya mtumba yenye GB 4 za RAM na diski iliyojaa filamu afanye nini? Kwa leseni yeye ni sawa na mhandisi wa California. Kwa hali halisi mmoja ana programu huria na mwingine ana programu ya bure.

Sisemi watu wa Chromium wana roho mbaya. Kivinjari cha siku hizi ni mzigo mkubwa, na mzigo mkubwa unataka punda mkubwa. Ninachosema ni kwamba tunapochagua programu za kufundishia shuleni, za kutafsiri kwa Kiswahili, za kujifunzia sisi wenyewe, tuache kuuliza tu "leseni yake ni ipi?" Tuulize pia "laptopu ya GB 4 inaweza kuijenga kabla stima haijapotea?"

Na zipo zinazoweza, tena nyingi. Ile ambayo kijana wangu alikuwa amepakua ni Geany, kihariri cha kuandikia msimbo kilichoanzishwa mwaka 2005 na Mjerumani aitwaye Enrico Tröger. Imeandikwa kwa C, inatumia GTK kuchora madirisha na vitufe, na ndani yake imebeba Scintilla, ambayo ni ya C++. Msimbo wote umefungwa kwenye faili ya megabaiti chache tu. Ni programu ya kweli, watu wanafanyia kazi kila siku, si ile ya kusema "Hello World". Ndiyo maana nampa kila anayeanza.

Nitaeleza tulivyofanya, kwa Debian au Ubuntu. Kwanza vifaa:

sudo apt install build-essential libgtk-3-dev gettext intltool

Hii ndiyo itakayokula bando, si Geany yenyewe. Ukiwa na subira ipige usiku. Kisha:

tar xf geany-2.1.tar.gz
cd geany-2.1
./configure --prefix=$HOME/programu
make
make install

Amri tatu za mwisho ni za zamani sana na zimezeeka vizuri. Ile ya configure hutengenezwa na Autoconf, ambayo David MacKenzie aliianza mwaka 1991, enzi ambazo kila kampuni ilikuwa na Unix yake na hakuna mbili zilizofanana. Inachofanya ni kupiga hodi kila mlango wa kompyuta yako: kompaila ipo? ya C++ je? GTK ipo, na ni toleo gani? Utaona mistari inamiminika, mingi inaanza na neno "checking". Usiogope, na wala usiisome yote. Soma wa mwisho.

Kwa sababu ni wa mwisho huo unaowakatisha watu tamaa. Kijana wangu alikuwa amejaribu mwenyewe kabla ya kunijia, akapata kitu kama hiki:

No package 'gtk+-3.0' found

Akaniambia, "Lakini Kaka, GTK ninayo! Nusu ya programu zangu zinaitumia." Na ni kweli alikuwa nayo. Hapa ndipo wanaoanza wengi huangukia, kwa hiyo nitapakawia. Debian na ndugu zake hugawa kila maktaba mara mbili. Kuna sehemu inayohitajika ili programu iendeshwe, na hiyo husakinishwa pamoja na programu. Halafu kuna sehemu inayohitajika na anayejenga: zile faili za vichwa zinazoishia na .h, ambazo humweleza kompaila kazi zilizomo ndani ya maktaba zinaitwaje na zinataka nini. Sehemu hiyo ya pili iko kwenye pakiti yenye jina linaloishia na -dev. Mtumiaji wa kawaida haihitaji, ndiyo maana haiji yenyewe. Ukishajua hili, asilimia kubwa ya makosa ya configure unayatatua mwenyewe: soma jina la kilichokosekana, tafuta pakiti ya -dev yenye jina linalofanana, sakinisha, rudia. Tena kwa programu ambazo tayari ziko kwenye hazina ya Debian kuna njia ya mkato, sudo apt build-dep geany, inayoleta vyote kwa pamoja, mradi uwe umeruhusu mistari ya deb-src kwenye orodha yako ya vyanzo.

Kuhusu --prefix nina msimamo mkali. Maelekezo mengi mtandaoni hukwambia umalizie na sudo make install, na programu ikatawanywa ndani ya /usr/local kwa mamlaka ya root. Kwa mara ya kwanza usifanye hivyo. Weka kwenye folda yako mwenyewe, kama nilivyofanya hapo juu. Haitagusa Geany iliyokuja na mfumo, huhitaji nywila ya msimamizi (watoto wa shule kwenye maabara ya kompyuta hawapewi), na ukichoka nayo unafuta folda moja tu, yote yameisha.

Kisha make. Hii ni ya zamani zaidi hata ya Autoconf; Stuart Feldman aliiandika Bell Labs mwaka 1976. Kazi yake ni kuangalia tarehe za faili. Kama faili ya msimbo ni mpya kuliko kilichojengwa kutokana nayo, inajenga upya. Kama sivyo, inapita. Wazo dogo hivyo, na miaka hamsini baadaye bado tunalitumia. Faida yake kwetu ni kwamba stima ikipotea katikati, ikirudi unaandika make tena na mara nyingi kazi inaendelea palipoachwa badala ya kuanza upya. Utaona sehemu ya Scintilla ndiyo inayochelewa, C++ ndivyo ilivyo. Kwenye laptopu ya kawaida ni suala la dakika chache.

Halafu unaandika ~/programu/bin/geany na dirisha linafunguka.

Na hapa ndipo wengi huniuliza, sasa nimepata nini? Geany hii ni ileile ambayo ningeisakinisha kwa apt kwa sekunde kumi. Ni kweli, hujapata kitu bado. Umefika mlangoni tu. Kazi inaanza sasa.

Ukifungua Geany, chini kwenye kisanduku cha taarifa kuna mstari unaokwambia kwa Kiingereza kwamba hii ni Geany ya toleo fulani. Nilimwambia kijana autafute:

grep -rn "This is" src/

Akaupata kwenye sekunde moja. Nikamwambia abadilishe maneno hayo yawe "Hii ni", ahifadhi, aandike make na make install. Safari hii make haikujenga programu nzima. Ilijenga faili moja aliyoigusa, ikaunganisha, ikanyamaza. Akafungua Geany. "Hii ni Geany." Ndugu zangu, mimi nimemwona mtu huyu akizindua tovuti za wateja bila hata kutabasamu, lakini kwa maneno mawili hayo aliita watu wa meza ya pili waje kuona.

Tabasamu lile silichukulii kama jambo la kitoto. Mtu ametambua kwamba kile kilichoko kwenye skrini yake si jiwe lililoshushwa kutoka mbinguni. Mtu fulani aliandika neno pale, na yeye ana uwezo wa kuandika jingine.

Kubadilisha maneno ndani ya msimbo wa C hata hivyo si njia sahihi ya kutafsiri, nilifanya hivyo kumwonyesha tu. Njia sahihi iko kwenye ile folda ya po. Humo kuna faili moja kwa kila lugha: de.po ya Kijerumani, fr.po ya Kifaransa, na kadhalika. Kila neno la menyu liko mara mbili, msgid kwa Kiingereza na msgstr kwa lugha husika. Kama sw.po haipo, unaianzisha. Poedit inaweza kutumia faili yoyote kati ya hizo kama kiolezo na kukutengenezea mpya iliyo tupu. Unaongeza sw kwenye faili iitwayo LINGUAS mlemle ndani ya po, unarudia configure na make na make install, kisha unaiendesha hivi:

LANGUAGE=sw ~/programu/bin/geany

Huhitaji kumaliza maneno yote. Usilolitafsiri linabaki Kiingereza. Tafsiri ishirini, jenga, tazama. Tafsiri ishirini nyingine.

Naomba nikae hapa kidogo, maana ndicho kisa hasa cha kuandika haya yote. Tafsiri nyingi za Kiswahili nilizowahi kuona zilifanywa na watu waliopewa orodha ya maneno kwenye jedwali, wakayajaza, wakayatuma, wasiyaone tena. Mtu anaona "Save As" anaandika "Hifadhi Kama". Kwenye jedwali linapita. Lakini lifungue kwenye menyu na umwonyeshe mtu wa Lamu. Atasubiri sentensi iishe. Hifadhi kama nini? Kama mvua itanyesha? "Kama" kwetu ni neno la sharti pia, na likikaa mwisho bila kitu mbele yake linaacha mtu mdomo wazi. "Hifadhi kwa jina jingine" ni refu, lakini linasema kinachotendeka. Je, litaenea kwenye menyu? Kuna njia moja tu ya kujua.

Au chukua "Open" na "Close". Fungua na Funga. Kwenye jedwali ni maneno mazuri mafupi. Kwenye skrini yanakaa menyu moja, yanafanana kama mapacha, na mtu mwenye haraka atafunga akidhani anafungua. Halafu kuna suala la alama ya mstari wa chini ndani ya faili ya po. Ukiandika "_Fungua", ile F inakuwa herufi ya njia ya mkato ya kibodi. Ukiandika "_Funga" kwenye menyu hiyohiyo umezigonganisha. Inabidi uende "Fun_ga" au upate herufi nyingine, na Kiswahili chetu kinapenda kuanza vitenzi kwa herufi zilezile. Hakuna jedwali litakalokwambia hayo. Utayajua ukibonyeza Alt na programu ikakupeleka kusikotakiwa.

Na kuna jambo jingine litakalokuchanganya usipoambiwa. Unaweza kutafsiri kila neno la Geany na bado vitufe kadhaa vikakaa Kiingereza. Si kosa lako. Vitufe vingine vya kawaida kabisa hupata maneno yake kutoka GTK, ile maktaba ya chini, ambayo ina folda yake ya po. Kwa hiyo aliyeitafsiri GTK vizuri amesaidia programu nyingi kwa mkupuo mmoja, na aliyeiharibu ameziharibu zote. Nilitumia miaka nikilaumu watafsiri wa programu mbalimbali kwa neno moja baya, kumbe neno lilikuwa sehemu moja tu.

Wakongwe watakumbuka Jambo OpenOffice. Desemba 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa OpenOffice kwa Kiswahili. Lilikuwa jambo kubwa, na mpaka leo nawavulia kofia. Maneno kama hayo yalipangwa na watu waliokaa wakabishana, na faida yake ilibaki hata nje ya programu ile. Lakini OpenOffice ya miaka ile ilikuwa dude. Ilitokana na StarOffice, ambayo Sun iliufungua msimbo wake mwaka 2000, na kuijenga kwenye mashine za wakati huo kulichukua saa nyingi, kukiwa na mfumo wa kujenga ambao ni wachache walioupenda. Sasa fikiria mwalimu wa Kiswahili wa Mombasa aliyeona neno moja lisilokaa vizuri kwenye menyu mwaka 2006. Alikuwa na haki zote za kisheria za kulirekebisha. Na alikuwa na Pentium ya mtumba na intaneti ya setilaiti ya saiba, maana nyaya za chini ya bahari zilitufikia Mombasa mwaka 2009. Haki yake ilikaa kwenye karatasi.

Wenyewe waliliona hilo baadaye. LibreOffice ilipojitenga Septemba 2010, mojawapo ya kazi kubwa walizojitwika miaka ya mwanzo ilikuwa kuuhamisha mfumo mzima wa kujenga kutoka dmake kwenda GNU make, na kuweka orodha ya kazi ndogondogo ambazo mgeni anaweza kuzianza. Haikuwa kazi ya kujionyesha kwa watumiaji. Haikuongeza hata kitufe kimoja. Walijua kwamba mchangiaji mpya huondoka siku ya kwanza kama programu haijengeki, na harudi.

Najua mtakachosema. Kwanza, "muda je?" Kweli. Mimi mwenyewe programu zangu nyingi natoa kwenye apt na sioni haya. Kuna watu wa Gentoo waliofanya kujenga kila kitu kuwa dini, wakikesha na KDE ikisagwa usiku kucha. Na hata wao, Desemba 2023, Gentoo yenyewe ilitangaza kuanza kutoa pakiti zilizokwisha kujengwa kwa anayetaka. Sishauri mtu ajenge kila anachokula.

Pili, na hili ni zito zaidi, programu uliyojijengea haipati masasisho ya usalama pamoja na mfumo. Debian ikiziba tundu kwenye Geany yao, ile iliyo ndani ya ~/programu inabaki na tundu mpaka uijenge tena. Kwa kihariri cha maandishi nalala usingizi. Kwa kivinjari au kitu kinachosikiliza mtandao nisingekubali.

Tatu kuna wale wa upande wa pili, wanaosema ukijenga mwenyewe basi uko salama, hakuna wa kukutilia kitu. Hawa nao wapunguze. Mwaka 2024 kulitokea kisa cha xz, programu ya kubana faili iliyoko karibu kwenye kila Linux. Mtu aliyejiita Jia Tan alichangia kwa uvumilivu zaidi ya miaka 2 mpaka akaaminiwa kuwa mmoja wa wasimamizi, kisha akapenyeza mlango wa nyuma kwenye matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Na aliupitishia wapi? Kwenye skripti ya kujenga. Faili ya m4 iliyoamsha ule uovu haikuwa kwenye hazina ya git ambako watu husoma msimbo; ilikuwa ndani ya tar iliyotolewa kwa watu kupakua, ile ambayo mimi na wewe tunaandikia ./configure bila kusoma. Sumu yenyewe ilifichwa kwenye faili za majaribio. Kwa hiyo hata aliyepakua tar ile ili ajijengee kwa mikono yake alikuwa amebeba mahindi yenye kuvu. Sisi Wakenya tunalielewa: Novemba 2019 shirika la viwango lilipozisimamisha chapa 5 za unga kwa ajili ya aflatoksini, tatizo halikuwa kwenye pakiti.

Lakini tazama aliyelifichua. Andres Freund, mhandisi wa PostgreSQL, aliona kwamba kuingia kwa SSH kwenye mashine yake ya majaribio kunachelewa kama nusu sekunde na kunakula CPU kuliko kawaida. Hakupuuza. Alichimba mpaka akafika kwenye skripti ile, akatangaza tarehe 29 Machi 2024, kabla matoleo yale hayajaenea kwenye mifumo mingi imara. Aliweza kwa sababu anajua programu hujengwaje, hatua kwa hatua. Mtu ambaye kwake programu ni kitufe cha kubonyeza asingejua hata pa kuanzia. Tunahitaji watu kama huyo Nairobi, Kisumu na Dar pia, na hawatatoka kwenye mafunzo yanayoishia kwenye npm install.

Ndiyo maana kila mtu anayekuja kwangu akitaka kujifunza Linux nampa kazi hii kabla ya kitu kingine chochote: chagua programu moja ndogo yenye dirisha, ijenge kwenye folda yako, badilisha neno moja, ijenge tena. Na kwa ninyi mnaoandika programu huria wenyewe, nina ombi moja. Ile faili ya INSTALL mliyoiandika mwaka ule mkiwa na haraka, ichukueni mkaijaribu kwenye mashine dhaifu kuliko zote mliyo nayo, iliyosakinishwa upya, bila kitu. Mtashangaa mangapi mliyasahau kwa sababu kwenye mashine zenu yalikuwepo tayari.

Kijana wangu amefika maneno mia moja na kitu kwenye sw.po yake. Jana alikuja tena mezani, safari hii bila kukunja uso. Tatizo lake ni kwamba "Hifadhi Zote" na "Funga Zote" ziko menyu moja na zote mbili alikuwa ameziwekea Z. Nikamwambia moja aipe T. Akasema T ameshaitumia kwenye "Toka".